Kwenda masaa matatu, kurudi kumi na mbili? Tiketi yako haijakosewa, soma hapa kwanza

Kuna simu moja tunaipokea karibu kila wiki, sauti tofauti lakini lalamiko lile lile. Mteja ameshatumiwa tiketi, ameifungua kwenye simu, ameisoma mara mbili tatu, alafu anapiga: "Jamani nyie mmeniuzia tiketi gani hii? London mpaka New York masaa matatu, kurudi masaa kumi na mbili, hiyo ndege ya kurudi inapitia wapi?"

Na ukiiangalia tiketi yenyewe, kweli imeandikwa hivyo. Kwenda inaondoka London 11:00 inafika New York 14:00. Kurudi inaondoka New York 19:00 inafika London 07:00 na pembeni kuna kialama cha +1. Ukitoa kichwani unapata matatu na kumi na mbili, hesabu haina kosa hata kidogo, tatizo ni kwamba umetoa saa ya London kwenye saa ya New York, na hizo ni saa mbili tofauti zisizojuana. Kila muda unaouona kwenye tiketi ni saa ya ukutani ya mji ule ule uliotajwa pale. New York iko nyuma ya London kwa masaa matano. Kwa hiyo ukitua New York saa 14:00, London muda huo ni 19:00, maana yake umekaa kwenye ndege masaa manane. Na ile ya kurudi ukiifanyia hivyo hivyo inakuja masaa saba. Yani ile ndege uliyoilalamikia kwamba inazunguka ndiyo inayowahi!

Kuna ujanja mmoja tunawapaga wateja wetu na hauhitaji kujua tofauti ya saa kabisa. Chukua muda wa kwenda ulivyoupata kwa kutoa tu, jumlisha na wa kurudi. Matatu na kumi na mbili ni kumi na tano. Tofauti ya saa imejifuta yenyewe hapo, kwa sababu ulichopunjwa kwenda umerudishiwa wakati wa kurudi, na masaa kumi na tano ndiyo jumla ya kweli ya safari zote mbili. Gawanya kwa mbili, saba na nusu, hiyo ndiyo wastani wa safari moja. Ujanja huu unafanya kazi kwa miji yoyote miwili mradi ndege ni ya moja kwa moja na tofauti ya saa haijabadilika katikati.

Hilo la kubadilika katikati nalo lipo, msicheke. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya wanasubiri mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo. Kwa hiyo hapo katikati kuna wiki mbili au tatu ambazo London na New York zinapishana masaa manne badala ya matano, na mwishoni mwa Oktoba inatokea tena kwa wiki moja. Mtu anaona kwenye tiketi ya Machi muda haufanani na wa Februari anadhani shirika limebadilisha ndege. Ndege ni ile ile, saa ndizo zilizosogezwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe ambalo mnatuuliza kila siku, "kutoka mji huu mpaka ule ni kilomita ngapi na ni masaa mangapi?" Watu wanategemea jibu moja kama kwenye basi, umbali gawanya kwa spidi umemaliza. Kwenye ndege umbali tunaweza kukupa na hautabadilika mpaka kiama, lakini masaa yanabadilika kwa msimu, kwa upande unaoelekea, na wakati mwingine kwa siasa.

Umbali kwanza. London na New York ni kama kilomita 5,550. Ukitafuta kwenye intaneti utakuta mmoja kaandika 5,540 mwingine 5,570, na mteja mmoja alishatutumia picha za skrini nne akitaka tumwambie nani muongo. Hamna muongo. Kuna anayepima kutoka katikati ya mji, kuna anayepima kutoka uwanja wa ndege, na kuna anayechukulia dunia ni mpira wa duara safi wakati ukweli dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba kiunoni, ukipima kutoka kitovu mpaka ikweta unazidi ukipima mpaka ncha kwa kama kilomita 21. Ukija kwenye maili ndiyo balaa zaidi, sababu maili ziko mbili. Ile ya barabarani ni kilomita 1.609 na ile ya baharini ambayo marubani nao wanaitumia ni kilomita 1.852. Safari hiyo hiyo mmoja anakwambia maili 3,450, mwingine 3,000, na wote wako sahihi.

Kitu kinachowachanganya wengi ni ramani. Umekaa kwenye siti unaangalia ile skrini, umetoka London unaenda Los Angeles, unaona ndege imepanda juu huko inaelekea Greenland kwenye mabarafu. Moyo unaruka. Mbona isinyooshe tu kukata bahari? Imenyoosha, ramani ndiyo iliyopinda. Dunia ni duara na karatasi ni bapa, ukiilazimisha dunia ikae kwenye karatasi lazima kitu kivutike, na kwenye ramani nyingi zinazoning'inizwa ukutani sehemu za kaskazini na kusini kabisa ndizo zinavutwa mpaka Greenland inaonekana inataka kulingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne hivi. Tafuta tufe la dunia, au hata mpira wa mtoto uchore alama mbili juu, shika uzi uvute kutoka alama moja mpaka nyingine mpaka ukaze. Uzi utajichagulia wenyewe njia fupi, na kwa London na Los Angeles utapita juu ya Greenland. Wataalamu wanaiita njia ya duara kuu. Hiyo ndiyo namba ya kilomita unayopewa kila unapouliza umbali wa anga kati ya miji miwili.

Ila rubani naye haifuati hiyo njia kama treni kwenye reli. Anatakiwa aelekee upande njia ya kurukia ilikoelekea, kisha azunguke akamate njia yake, akwepe mawingu ya radi, akwepe maeneo ya mazoezi ya kijeshi, na wakati wa kutua apange foleni. Kwa hiyo kilomita alizoruka kweli ni nyingi kidogo kuliko za kwenye uzi.

Ukitaka makadirio ya haraka bila kutupigia, chukua kilomita gawanya kwa 850 alafu ongeza nusu saa. Hiyo 850 ni kwa sababu ndege za kawaida kama Airbus A320 na Boeing 737 zikishatulia angani zinaenda kama kilomita 830 kwa saa, na zile kubwa za safari ndefu kama Boeing 787 na Airbus A350 kama 900, yani asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti kule juu. Nusu saa ni ya kupanda, kushuka na kuzungukazunguka. Jaribu na safari ya Singapore mpaka New York ambayo ni kati ya ndefu kuliko zote zinazorukwa na abiria bila kutua, kilomita 15,350 hivi. Gawanya kwa 850 inakuja kama 18, ongeza nusu, kumi na nane na nusu. Kwenye ratiba utaikuta inakaribia masaa kumi na tisa. Perth mpaka London ilianza Machi 2018, kilomita 14,500, hesabu yetu inatoa kumi na saba na nusu na ndege inatumia zaidi kidogo ya kumi na saba. Si mbaya kwa hesabu ya kwenye kiganja.

Hesabu hiyo inagoma kwenye safari fupi sana. Ndege inachukua kama dakika ishirini kufika kule juu inakotulia, na inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, sasa safari ya kilomita 300 inakuwa ni kupanda na kushuka tu, ule mwendo wake mkubwa hata haujafikiwa. Ndiyo maana ndege ya pangaboi kama ATR 72 inayoenda kama 500 kwa saa haiachwi mbali na jeti kwenye safari hizo, unaweza kukuta zimepishana dakika kumi au kumi na tano na watu wameshabishana nusu siku kuhusu ipi ya kupanda. Na fupi kuliko zote za ratiba duniani iko Scotland kwenye visiwa vya Orkney, kutoka Westray mpaka Papa Westray, kilomita 2.7. Dakika mbili hivi umeshatua. Upepo ukikubali hata dakika moja haiishi.

Upepo!

Hapa ndipo ilipo sababu kwa nini kurudi London ni masaa saba na kwenda ni manane wakati umbali haujaongezeka hata hatua moja. Wengi wanadhani ni dunia inavyozunguka, kwamba ukienda magharibi mji unakukimbilia na ukienda mashariki mji unakukimbia. Kwanza ingekuwa hivyo, basi kwenda New York ndiko kungekuwa kwepesi, na mambo ni kinyume. Pili, hewa yote inazunguka pamoja na dunia na ndege iko ndani ya hiyo hewa, ni sawa na kuruka juu ndani ya treni inayokimbia, unatua pale pale ulipokuwa.

Kinachotokea ni kwamba kwenye kimo cha kilomita tisa mpaka kumi na mbili, kule kule ndege zinakopita, kuna mikondo ya upepo kama mito inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Inatokana na joto la ukanda wa ikweta kukutana na baridi la upande wa ncha za dunia, na huwa na nguvu zaidi msimu wa baridi tofauti hiyo inapokuwa kubwa. Upepo wa kilomita 200 kwa saa kule ni kitu cha kawaida, na siku nyingine unapita 300. Ndege ikipata huo upepo mgongoni inabebwa, ikiupokea usoni inakwenda mbisho kama jahazi.

Tuweke namba. Kilomita 5,550 kwa spidi ya 900 bila upepo ni masaa sita na dakika kumi angani. Weka upepo wa 150 mgongoni, spidi juu ya ardhi inakuwa 1,050, unafika kwa masaa matano na dakika 17. Geuza upepo huo huo uje usoni, spidi inabaki 750, safari inakuwa masaa saba na dakika 24. Tazama hapo: mgongoni umeokoa dakika 53 tu, usoni umepoteza 74. Upepo huwa haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu ukikuzuia unakuzuia kwa muda mrefu na ukikusukuma unakusukuma kwa muda mfupi. Hii hesabu binafsi naipenda sana, nilipoielewa mara ya kwanza nilimsumbua kila mtu ofisini siku nzima.

Februari 2020 wakati kimbunga kilichoitwa Ciara kinaelekea Uingereza, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa manne na dakika 56. Spidi yake juu ya ardhi ilivuka kilomita 1,300 kwa saa, na watu mtandaoni wakaanza kusema imevunja kasi ya sauti. Haikuvunja chochote, ndani ya ile hewa ilikuwa inaenda mwendo wake wa kila siku, hewa yenyewe ndiyo ilikuwa inakimbia. Aliyekuwa anavunja kweli ni Concorde, ambayo tarehe 7 Februari 1996 ilitoka New York mpaka London kwa masaa mawili na dakika 52 na sekunde 59, na ilipostaafu mwaka 2003 hamna ndege ya abiria iliyochukua nafasi yake. Ile, kwa saa za kwenye tiketi, ukipanda London asubuhi 10:30 ulikuwa unatua New York 09:25 ya asubuhi hiyo hiyo, umefika kabla hujaondoka. Nafikiria tu mteja wetu wa kwenye simu angesemaje akipewa tiketi ya namna hiyo.

Kwa kuwa upepo hausimami sehemu moja, hata njia zenyewe za kuvuka Atlantiki zinapangwa upya kila siku. Waongozaji wa ndege wa Gander kule Canada na wa Shanwick upande wa Uingereza na Ireland wanaangalia upepo umekaaje, wanaochora za kwenda mashariki wanaufuata na wanaochora za magharibi wanaukwepa. Kwa hiyo rafiki yako aliyesafiri wiki jana akikwambia alitumia masaa sita na robo, usije na hiyo namba ukitudai na wewe hivyo hivyo. Johannesburg na Sydney ni hivyo hivyo, kuelekea Sydney unaweza kutumia kama masaa kumi na mbili na kurudi kumi na nne.

Na siasa nilizozitaja? Chukua Helsinki na Tokyo. Zamani ndege ya Finnair ilikuwa inakata juu ya Urusi, masaa tisa na nusu hivi umefika. Mwaka 2022 anga ya Urusi ikafungwa kwa mashirika ya Ulaya, na safari ikawa kama masaa kumi na tatu, ndege nyingine zikizungukia upande wa ncha ya kaskazini kabisa. Umbali wa miji haujabadilika, ukitafuta kwenye intaneti utapewa kilomita zile zile, lakini masaa matatu na nusu yameongezeka. Ndiyo maana ukituletea namba ya "umbali gawanya spidi" sisi tunakwenda kwanza kuangalia ratiba ya sasa hivi.

Kuna hili pia la muda ulioandikwa kwenye tiketi kuwa mrefu kuliko muda wa kuruka. Tiketi inahesabu kuanzia ndege inapoachia geti mpaka inaposimama kwenye geti la mji mwingine. Kutambaa ardhini kwenda kwenye njia ya kurukia, foleni ya kuruka, kuzunguka hewani ikisubiri zamu ya kutua, vyote vimo humo ndani. Alafu mashirika yanaweka na akiba kidogo juu yake ili yasionekane yanachelewa. Rubani akitangaza "tutaruka kwa masaa sita na dakika arobaini" na tiketi inasema saba na nusu, usifurahi mapema, hizo dakika zitaliwa chini. Na pale geti lilipofunguliwa hujafika bado, kuna uhamiaji, kuna mabegi. Anayekuja kukupokea mwambie muda wa tiketi ongeza saa zima.

Wengine mnaona kwenye programu za kutafuta tiketi "masaa 23" kwa miji ambayo hesabu ya 850 inatoa kumi. Hapo hamna upepo, hapo kuna konekshen. Ile namba ni jumla ya kila kitu pamoja na kukaa unasubiri ndege ya pili. Na muwe makini na neno "direct", maana kwenye lugha ya mashirika ndege inaweza kutua mahali, ikashusha watu ikapakia wengine, ikaendelea kwa namba ile ile ya safari na bado ikaitwa hivyo. Ukitaka isiyotua popote tuambie "isitue popote", tutaelewana haraka.

La tarehe sasa, na hili ndilo linalotuumiza kuliko yote kwa sababu mtu anapoteza tiketi kabisa. Saa za kwenye tiketi zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, sisi tunaanza asubuhi. 01:00 kwenye tiketi ni saa saba usiku, 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Sasa tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Eapoti unatakiwa uwe tarehe 14 usiku. Kuna mteja wetu alikuja na mabegi yake yote tarehe 15 saa nne usiku, amevaa vizuri, amewahi kabisa kwa akili yake, ndege ilikuwa imeshaondoka karibu siku nzima. Tangu hapo tiketi zote za usiku tunawaandikia kwa maneno, usiku wa kuamkia tarehe fulani, na tunapiga simu siku moja kabla.

Kile ki +1 maana yake unatua tarehe inayofuata. Mara chache utaona na -1, na sio hitilafu. Apia ya Samoa na Pago Pago ya Samoa ya Marekani ni jirani kabisa, ndege inatumia kama dakika arobaini tu, lakini mstari wa tarehe unapita katikati yake na wamepishana siku nzima. Samoa walihama upande mwishoni mwa 2011, wakairuka tarehe 30 Desemba yote, walilala tarehe 29 wakaamka 31. Ukitoka Apia Jumatatu asubuhi unatua Pago Pago Jumapili asubuhi. Hata ule ujanja wetu wa kujumlisha unapita hapo vizuri tu, jaribu uone.

Kwa hiyo ukitutumia ujumbe wa kuuliza "ni masaa mangapi", tuandikie na tarehe unayotaka kusafiri, na kama ni kwenda na kurudi sema hivyo. Tukikujibu tutakupa namba mbili: masaa ya kukaa kwenye ndege, na saa utakayotoka mlangoni kwa saa ya kule unakokwenda. Hiyo ya pili ndiyo ya kumtumia anayekuja kukupokea.